Nilivyomchora Kakakuona Kabla ya Kumwuliza Shangazi

Picha tatu kati ya kumi na moja nilizoandaa kwa ajili ya maonesho yangu ya kwanza ya peke yangu hazikutoka kamwe katika chumba changu cha kazi, ingawa moja kati yake ilikuwa imekwishalipiwa malipo ya awali ya shilingi 300,000. Nililazimika kuzirudisha fedha hizo, kumwomba radhi mnunuzi bila kuweza kumweleza sababu yote, na kuanza upya sehemu kubwa ya kazi ya miezi saba huku ikiwa imebaki miezi mitatu tu kabla ya siku ya ufunguzi. Ninasimulia yaliyonifikisha hapo kwa sababu naona wachoraji wengi, hasa wanaohama kutoka michoro ya sura na mandhari na kuingia katika sanaa dhahania, wakielekea kwenye shimo lile lile: wanamchukua mnyama wa kwao, wanamgeuza kuwa nembo, kisha wanadhani wamekwishajibu swali la wao ni nani.

Kwa miaka tisa nilikuwa nimemkimbia mnyama. Mtu anayejitambulisha kuwa mchoraji jijini Dar es Salaam huulizwa, mara nyingi kabla hajamaliza sentensi, kama anachora Tingatinga, na swali hilo lilikuwa likinikera. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyeanza kuchora mwaka 1968 kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya baiskeli, alikuwa mvumbuzi wa kweli; wanyama wake walisimama peke yao juu ya rangi tupu, macho yamekodoka, wakiwa na ujasiri ambao haufundishiki darasani. Aliuawa mwaka 1972 kwa risasi za polisi waliomdhania kuwa mhalifu, akiwa amechora kwa miaka minne hivi tu. Twiga wanaofanana kama sare za shule, waliopangwa kando ya barabara kwa ajili ya wageni, si kosa lake, lakini ndio walionifanya niape kwamba mkono wangu hautachora mkia wala pembe. Nilichora mistari, madoa na mapana ya rangi, nikajiaminisha kwamba huo ndio uhuru.

Kiapo kilivunjwa na sentensi moja. Mratibu wa ukumbi fulani wa maonesho alizitazama kazi zangu kwa muda mrefu, akasema ni nzuri, ila hazisemi zimetoka wapi. Sikumwuliza alikusudia nini. Nilirudi nyumbani na aibu ya mtoto aliyeambiwa hana adabu mbele ya wageni, nikakesha nikizitazama picha zangu kana kwamba zimenisaliti. Leo ninaamini kwamba maneno yale yalikuwa ya biashara: alikuwa akiwaza namna ya kumweleza mnunuzi anachokinunua, nami nikayapokea kama swali la nasaba. Mchoraji anayeambiwa maneno ya namna hiyo na amwulize msemaji papo hapo, kwa heshima, anataka kuona nini na kwa ajili ya nani. Swali hilo halina gharama, na kutoliuliza kulinigharimu karibu mwaka mzima.

Nilianza kwa kuokota ishara za watu wengine. Nilivutiwa na ndege wa sankofa wa Waakan wa Ghana, anayegeuza shingo kutazama alikotoka. Nikavutiwa na ndege wa mawe wa Zimbabwe Kuu, ambaye leo yumo katika bendera ya nchi ile. Nikavutiwa na chiwara wa Wabamana wa Mali, yule swala wa mbao anayevaliwa kichwani, ambaye mistari yake imekwishakuwa dhahania kabla mchoraji wa kisasa hajaigusa. Nilichora picha mbili za sankofa. Zilikuwa nadhifu, na zilikuwa baridi kama maji ya mtungini. Hapo nilijiwekea kipimo ambacho bado nakitumia: nizungumze kuhusu mnyama huyo kwa dakika kumi bila kurudia jambo nililolisoma. Sankofa aliniishia ndani ya nusu dakika.

Kakakuona hakuniishia. Watanzania wengi wamesikia kwamba anapojitokeza kijijini watu hukusanyika, wakaweka mbele yake maji, nafaka na silaha, kisha wakangoja waone ataelekea wapi: akienda kwenye maji, mvua itanyesha, akienda kwenye nafaka, kutakuwa na shibe, akienda kwenye silaha, watu wajiandae kwa shari. Kwa watu wa upande wa baba yangu, katika nyanda za kusini, jambo hilo si kichekesho cha gazetini. Nililisikia nikiwa mdogo, nusu kwa masikio na nusu kwa usingizi, na nilikumbuka hata maneno machache yaliyotamkwa siku kama hiyo. Nilidhani kumbukumbu hizo zinanipa haki. Kumbe kukumbuka jambo na kukabidhiwa jambo ni vitu viwili mbalimbali, nami sikuwa nimekabidhiwa chochote.

Nilianza na magamba, kwa kuwa ndiyo yanayomvutia mchoraji mvivu: umbo moja linalojirudia, safu juu ya safu, pambo lililokwisha kujipanga lenyewe. Ndani ya wiki tano nilikuwa na kanvasi nne zenye upana wa sentimita 120 na urefu wa 90, zimejaa magamba ya rangi ya udongo, kahawia na dhahabu. Habari zikaenea, na jioni moja akanijia mtu nisiyemfahamu vizuri akiwa na magamba matano halisi ndani ya kitambaa. Nilishika moja. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyotarajia, na rangi yake ilikuwa kama ya asali iliyokaa miaka. Upande wa shina lilikuwa na mifereji myembamba iliyokimbia sambamba, na kadiri kidole kilivyoelekea kwenye ncha mifereji ilififia mpaka likabaki laini, limesuguliwa na udongo na vichaka vya maisha yote ya mnyama yule. Nilipoliinua mbele ya taa, ukingo wake ulipitisha mwanga. Nilitaka kuyabandika yote matano kwenye kanvasi usiku ule ule.

Rafiki yangu mmoja mwanasheria, niliyempigia simu nikiwa na furaha isiyo na akili, ndiye aliyenizuia. Alinieleza kwamba, kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, sehemu za mnyama pori kama yale magamba ni nyara za Serikali, na kukutwa nazo bila kibali ni kosa la jinai hata kama hukumwua mnyama wala hukulipa senti; tena kesi zake hazichezewi. Aliongeza kwamba tangu mkutano wa CITES, mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016, spishi zote nane za kakakuona zimewekwa katika kundi ambalo biashara yake ya kimataifa hairuhusiwi, kwa hiyo picha yenye magamba halisi isingeweza hata kuvuka mpaka kwenda kwa mnunuzi wa nje. Yule mtu aliondoka na kitambaa chake, nami sikulala, kwanza kwa hofu, kisha kwa aibu: mnyama huyu anamalizwa kwa ajili ya magamba hayo hayo, ambayo yametengenezwa kwa kitu kile kile kinachotengeneza kucha zetu, nami nilikuwa karibu kuyafanya mapambo ya picha inayodai kumheshimu. Anayefikiria kutumia manyoya, meno, ngozi au magamba aanze kwa kuuliza ofisi ya wanyamapori, wala asikubali hata kuletewa ili atazame tu.

Baada ya kisa hicho niliacha magamba nikaanza kujifunza mwili. Sijawahi kumwona kakakuona aliye hai kwa macho yangu, kwa maana hutoka usiku na ni adimu mno, kwa hiyo nilitazama mikanda ya video niliyoonyeshwa na mtaalamu wa wanyamapori, nikichora kwa mkaa kwenye karatasi za bei rahisi, karatasi thelathini kwa usiku mmoja. Kakakuona wa nchi kavu tuliye naye huku hutembea zaidi kwa miguu ya nyuma; mkia huinuka nyuma yake kama mzani, na mikono ya mbele hukunjwa kifuani, kama mzee anayepita katikati ya watu akiomba njia. Hana meno. Akitishwa, hajibu: hujiviringa akawa duara lisilo na mlango. Kutokana na mambo hayo mawili, mwendo ule wa unyenyekevu na duara lile, nilipata mistari ambayo magamba hayakuweza kunipa, na kanvasi saba zilizofuata zilikuwa bora kuliko nne za kwanza. Laiti ningeishia hapo.

Tatizo lilikuwa majina. Lugha yetu humtega mchoraji kwa majina ya wanyama. Mchoraji Elimo Njau na wenzake walipoanzisha ukumbi wa sanaa wa Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, jina lenyewe lilikuwa limekwishafanya kazi ya sanaa dhahania, kwa kuwa paa ni mnyama na papo hapo paa ni kuinuka juu. Nami sikuweza kulitamka jina la kakakuona bila masikio yangu kulisikia neno “kuona” ndani yake. Nilitaka majina yenye uzito kama huo. Badala ya kuyatafuta, nilichukua maneno matatu kati ya yale niliyoyakumbuka utotoni, yaliyosemwa mbele ya mnyama, nikayaandika nyuma ya picha tatu zilizokuwa bora kuliko zote. Binamu yangu alizipiga picha kwa simu, akazipeleka nyumbani kwa majivuno. Siku nne baadaye shangazi yangu mkubwa alituma ujumbe mfupi: nije, na nije nazo zikiwa zimechapwa kwenye karatasi, kwa sababu hatazami mambo ya maana kwenye kioo cha simu.

Safari ya basi ni ya siku nzima, na njia nzima nilikuwa nikitunga hotuba kuhusu uhuru wa msanii. Nilipomwamkia, “Shikamoo, Shangazi,” aliitikia marahaba, akanipa uji, akaulizia afya za watu wote kwa zamu, akaacha mpaka jua lilipopungua ndipo akaziomba karatasi. Nane aliziweka mapajani. Zile tatu alizisoma majina, kisha akazilaza kifudifudi juu ya mkeka.

“Haya nani alikupa, mwanangu?”

“Niliyasikia, Shangazi. Nilikuwa mdogo, nimelala mgongoni kwa mama.”

“Ulisikia. Nimekuuliza nani alikupa.”

Hotuba yangu ikaishia hapo. Hakunigombeza. Aliinuka kwa shida, kwa sababu ya magoti, akaleta bakuli la maji, ungo wenye mahindi kidogo, na mpini wa jembe uliovunjika, ambao alisema utafaa kuwa mkuki. Akavipanga uani, kila kimoja mbali na mwenzake, akanielekeza nikae chini mahali palipobaki. “Wewe ndiye mnyama,” akasema, akarudi kwenye kiti chake. Nilikaa. Kuku walipita. Nilingoja aendelee kusema, naye hakusema kitu kwa muda ambao ulinitosha kusikia mtu akitwanga nyumba ya tatu. Hatimaye nilipogeuka kumtazama, niligundua kwamba hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akitazama udongo, ule udongo mtupu uliokuwa kati ya magoti yangu na bakuli.

“Siku ile watu wote walitazama hapo,” akasema. “Mnyama ni mnyama tu, hata porini yupo. Sisi tulikuwa tunatazama hapo, pa kati, hajapita bado.”

Sijui kama alijua kwamba amenifundisha jambo ambalo miaka tisa ya kuchora dhahania haikunifundisha. Nilikuwa nimedhani utambulisho umo katika umbo la mnyama, ndiyo maana nilihangaika na gamba, mkia na duara, wakati watu wangu waliweka maana katika nafasi tupu, katika kungoja, katika umbali kati ya kitu kimoja na kingine ambao bado haujaamuliwa. Hiyo ni lugha ya sanaa dhahania tayari. Haikuhitaji kutafsiriwa na mtu yeyote. Kuhusu maneno matatu, alisema yana wenyewe na yana siku yake, wala mimi si mmoja wao. Juu ya picha zilizobaki, alisema nifanye nipendavyo, ila ile ya njano inamwumiza macho. (Alikuwa na haki. Njano ile ilikuwa mbichi mno.)

Baadaye nilisoma habari za wachoraji wa Papunya, katikati ya Australia, nikaona kwamba sikuwa wa kwanza kujikwaa. Mwaka 1971 na 1972 wazee wa huko walianza kuchora kwenye mbao, kwa rangi za kisasa, simulizi za mababu ambamo wanyama na binadamu wa mwanzo ni wamoja. Baadhi ya picha za awali zilionyesha mambo yasiyopaswa kuonwa na wasio na haki nayo, malalamiko yakaja kutoka kwa jamii nyingine zenye simulizi hizo, na wachoraji wakabadili namna yao ya kuchora. Nukta zikazidi kutanda, zikifunika kile kisichotakiwa kuonwa na kila mtu. Wanunuzi wengi huzipenda nukta zile kama urembo. Ukijua kwamba zinaweza kuwa pazia, hutazitazama tena kwa jicho lile. Jambo hilo lilinipa ujasiri wa kukubali kwamba picha inaweza kuficha na bado ikawa ya kweli.

Kwa hiyo, kabla ya kununua rangi, ni heri kwenda kwa mtu mwenye umri na mamlaka katika ukoo au jamii husika, ukiwa na michoro ya awali mkononi, si maelezo ya mdomo tu, kwa sababu wazee wengi hukubali wazo wasiloliona na hulikataa wanapoliona. Uulize mambo mawili kwa kutenganisha: kipi kinaweza kuonwa na kila mtu, na kipi kinaweza kutajwa, maana vitu hivyo havifanani, umbo la mnyama wetu liliruhusiwa na maneno yakakatazwa. Na uulize kabla hujapokea fedha za mtu. Mnunuzi wangu alikuwa mwungwana, alipokea fedha zake na kusema ataingoja nyingine, lakini naona haya hadi leo ninapokumbuka jinsi nilivyomng’ang’anizia picha ile wiki chache kabla.

Kati ya kanvasi nane zilizobaki, tano nilizikwangua na kuzichora upya. Niliondoa kila kitu kinachoweza kuitwa mnyama. Niliweka vitu vitatu kwenye kingo, vizito, vya rangi nzito, nikaacha katikati upana wa rangi ya udongo ambao niliupaka mara kumi na mbili, nyembamba juu ya nyembamba, mpaka ukawa na uhai bila kuwa na umbo. Kazi ngumu ya uchoraji ilikuwa hapo: kujaza nafasi tupu bila kuijaza. Mara mbili nililia kwa hasira, na mara moja niliharibu kanvasi nzima kwa kuongeza mstari mmoja ambao haukuhitajika.

Hesabu zilikuwa hivi. Kanvasi na mbao zake zilinigharimu shilingi 770,000. Rangi na brashi 620,000. Fremu nane 440,000. Safari mbili za kwa Shangazi 260,000. Uchapaji, kadi na usafirishaji 290,000. Jumla ni 2,380,000. Niliuza picha tatu kwa 900,000 kila moja, ukumbi ukachukua asilimia 40, nikabaki na 1,620,000. Nilipata hasara ya shilingi 760,000, na sehemu kubwa ya hasara hiyo ni rangi niliyoipaka mara mbili kwa sababu ya kutouliza mapema.

Siku ya ufunguzi, mjomba wangu alizunguka ukumbi mara mbili akiwa na mikono nyuma, kisha akaniuliza kwa sauti iliyosikika na wote, “Sasa mnyama mwenyewe yuko wapi?” Watu walicheka, nami nikaona afadhali nimjibu kwa kisa cha Constantin Brancusi, ambaye sanamu yake ya ndege, shaba iliyong’arishwa isiyo na bawa wala mdomo, ilipofika New York mwaka 1926 maofisa wa forodha walikataa kuitambua kuwa sanaa, wakaitoza ushuru pamoja na vyombo vya jikoni, mpaka mahakama ilipoamua mwaka 1928 kwamba ile ni sanaa. Mjomba alifikiri, akasema kwamba hata yeye angeitoza. Jibu lake lilinifundisha kuliko kisa changu. Mtazamaji hadaiwi kumwona mnyama, na mchoraji asimlaumu kwa kutomwona.

Maelezo ya ukutani nayo yalinisumbua. Rasimu ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili, ikieleza ibada, ukoo na uhifadhi, na ilikuwa inawafanyia watazamaji kazi yao huku ikitoboa yale niliyoambiwa nisiyatoboe. Niliipunguza hadi sentensi mbili: kwamba picha hizi zimetokana na desturi ya kungoja kakakuona achague, na kwamba baadhi ya mambo yake hayamo humu kwa makusudi. Sentensi ya pili ndiyo watu waliyoiuliza zaidi. Mgeni mmoja alichukizwa nayo, akaniambia kwamba alikuja kujifunza utamaduni na anaona amefungiwa mlango. Nilimjibu kwamba na mimi nimefungiwa, ila kwangu waliuacha wazi kidogo. Tuliongea kwa nusu saa, na hakununua kitu.

Shangazi hakuja, kwa ajili ya magoti. Nilimpelekea picha moja ndogo, kipande cha majaribio chenye upana wa mkono mmoja, nikadhani ataitundika sebuleni. Ameiweka jikoni, imeegemea ukuta juu ya mtungi wa maji, ambako moshi umekwishaanza kuitia rangi yake.

Zile tatu bado ninazo. Nimeyafuta majina yaliyokuwa nyuma na kuzipaka rangi nyeupe mbele, lakini mwanga wa jioni unapoingia kwa ubavu mistari ya mnyama hujitokeza chini ya weupe, mmoja baada ya mwingine. Nimeanza kuzisawazisha kwa msasa, polepole, na mpaka sasa nimemaliza moja.